Mgongo wa Mawingu

Kidonda hakisikii amri.

Mmeyasikia maneno hayo jana uwanjani, pale mwalimu wa mpira alipomtaka Elibariki arudi kucheza na kifundo cha mguu kimevimba kama andazi. Mama yake akavuka mstari wa chaki, akamtazama mwalimu usoni, akayasema, akamshika mwanawe mkono wakaenda zao. Nasikia mmecheka njia nzima. Sasa mnaniuliza nani aliyeanza kusema hivyo, na huyu mkubwa wenu ameshawaambia kwamba ni methali ya mababu. Si ya mababu. Aliyeitamka mara ya kwanza ni wifi yangu Eliakunda, dada wa babu yenu, na siku hiyo mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, mikono imejaa unga. Sogezeni hizo ndizi tumenye, niwaeleze lilivyozaliwa neno hili.

Kule juu, ambako sasa kuna mikaratusi, palikuwa na zizi la farasi la Mzee Anaeli Ayo. Mzungu mmoja alipouza shamba lake akaondoka, alimwachia Mzee Anaeli majike wawili, na yeye akawatunza mpaka wakawa kundi. Wageni walikuja kutoka mbali kupanda farasi wale. Walizunguka mlima, wakapita msituni, kisha wakateremka mpaka mbugani, ambako pundamilia humwacha farasi akaribie kama ndugu yao. Walilala kwenye mahema na kurudi baada ya siku kadhaa, wamechoka na wenye furaha. Mimi nilikuwa mpishi wao. Eliakunda alikuwa msimamizi wa zizi.

Niwaambie mapema, msije mkamdhania malaika. Wifi yangu hakuwa mpole. Kwenye kwaya ya kanisani aliimba kwa sauti ya kufunika wenzake, na mwalimu wa kwaya akimwambia apunguze, aliongeza. Aligombana na mchungaji, na muuza duka, na mimi pia, mara nyingi. Lakini kwa farasi alikuwa na subira ambayo sisi watu hatukuwahi kuionja. Kazi ile alifundishwa na Mzee Anaeli mwenyewe, tangu alipokuwa msichana, akimfuata nyuma zizini. Hapakuwa na kitu alichokijua yeye ambacho mzee hakukijua. Likumbukeni hilo, maana watu wakisimulia kisa hiki hudhani mzee alikosea kwa kutojua.

Asubuhi ya safari, kabla ya tandiko kuguswa, Eliakunda alimwendea kila farasi. Alinyanyua ukwato mmoja mmoja, akachokonoa tope na vijiwe, akaunusa, maana ukwato unaooza hunuka kabla ya kuonekana. Alipiga brashi mahali pa kukalia tandiko mpaka pakang'aa. Alikuwa akisema kwamba punje ya mchanga chini ya tandiko asubuhi, ikifika jioni ni msumari. Kisha akatandaza kiganja, akakipitisha polepole mgongoni kuanzia mabegani kwenda nyuma, na wakati huo macho yake hayakuwa mgongoni. Yalikuwa kwenye masikio ya farasi. Sikio likilala nyuma, mkono unasimama hapo.

Hivyo ndivyo alivyokigundua kidonda cha Mawingu.

Mawingu alikuwa farasi dume aliyehasiwa, wa kijivu, mkubwa kuliko wote, mtulivu. Safari moja alimbeba mgeni mzito asiyejua kukaa. Wakiteremka mlima tandiko likawa linateleza mbele na kusugua pale palipoinuka kati ya mabega. Alirudi na uvimbe, uvimbe ukapasuka, likabaki jeraha bichi lenye upana wa kisahani cha chai. Eliakunda akaliosha kwa maji ya chumvi, akapaka shubiri, akamfunika kitambaa chepesi kuzuia nzi. Mzee Anaeli alikuja akaliangalia, akasema, "Apumzike mpaka manyoya yaote." Wakakubaliana.

Lakini alikuwapo Kanali Luhende.

Kanali alikuwa amestaafu jeshi, akanunua shamba kubwa kule bondeni, ambako mto haukauki. Kila kiangazi, nyasi za huku juu zikigeuka vumbi, alimruhusu Mzee Anaeli kupeleka farasi wake wakale kwake. Hakudai chochote. Alichotaka ni kupanda farasi anapojisikia, na farasi aliyempenda ni Mawingu. Sasa akaleta habari kwamba anakuja na marafiki zake wa jeshini, waende pamoja mpaka mbugani. Tayari alikuwa amewasifia marafiki hao farasi wake wa kijivu.

"Wake," alisema Eliakunda aliposikia, akatema mate.

Asubuhi ilipofika, mimi nilikuwa kwenye kibanda cha jiko nasukuma chapati za njiani. Zizi lilikuwa mbele yangu. Farasi wengine walikuwa wamefungwa kwenye nguzo, safi, wakisubiri matandiko. Mawingu alikuwa bado ndani. Gari la Kanali lilikuwa limeshaingia uani, na wazee wale wa jeshi walikuwa wanashuka, wakicheka, wakivuta suruali.

Mzee Anaeli akamjia wifi yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Elia, mtandike Mawingu."

"Mawingu ana kidonda, Mzee."

"Najua ana kidonda. Weka mablanketi mawili."

"Kiatu kikikubana ukaongeza soksi, kitaacha kukubana?"

"Ni siku tatu tu. Akirudi atapumzika mpaka mwakani."

"Akirudi atakuwa na shimo la kutosha ngumi. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

Mzee akafunga macho kidogo. "Nilikufundisha farasi," akasema. "Sikukufundisha kiangazi. Huyu bwana akikasirika, hawa wengine wote nitawalisha nini? Niambie wewe."

Wajukuu zangu, lile lilikuwa swali la kweli. Nilimwona Eliakunda anawatazama wale farasi nguzoni, mmoja mmoja. Kisha akasema, "Sijui, Mzee. Lakini mgongoni kwa Mawingu tandiko haliendi."

Mzee akageuka, akamwita mtunza farasi mwingine, Lomnyaki. "Mtandike wewe." Lomnyaki alikuwa mtu mwema na mwenye watoto wengi. Alilichukua tandiko, akalipindua huku na huku, kisha akasimama.

"Mkanda wa tumbo haupo," akasema.

Kweli haukuwapo. Wala haukuwapo kwenye tandiko la pili, wala la tatu. Mnaelewa? Tandiko bila mkanda wa kulifunga tumboni ni kiti kinachoelea tu, halimbebi mtu. Eliakunda alikuwa ameifungua mikanda yote alfajiri, kabla hatujaamka vizuri, na sasa akaitoa nyuma ya mlango akajivika mabegani, yote, mingine ikining'inia mpaka magotini. Alionekana kama askari aliyejivika mikanda ya risasi.

"Mawingu akibaki, naifunga yote sasa hivi," akasema. "Mkitaka Mawingu atoke, hatoki hata mmoja."

Hapo ndipo Kanali alipofika. Alikuwa mtu mkubwa, nywele nyeupe, shingo imenyooka. "Kuna nini, Ayo?"

"Jambo dogo tu, Kanali," akasema Mzee Anaeli.

"Si dogo," akasema Eliakunda. "Shikamoo, Kanali. Mawingu ameumia mgongo, hapandwi. Yupo Chungwa, yule mwekundu pale, atakubeba vizuri."

"Marahaba. Sikuuliza habari za Chungwa."

"Nimekujibu ambacho hukuuliza, maana ulichotaka hakipo."

Wale marafiki zake walikuwa wamesogea. Kanali akawaangalia, kisha akamwangalia wifi yangu na ile mikanda yake. Nafikiri kama angekuwa peke yake, angemchukua Chungwa, mambo yakaisha. Lakini hakuwa peke yake. Akainua sauti, ile ya gwaride. "Dada, weka tandiko juu ya farasi yule. Hiyo ni amri!"

Farasi nguzoni walinyanyua vichwa. Lomnyaki alisimama wima bila kujua. Mimi chapati yangu iliungua, nilinusa moshi wala sikuigeuza.

Eliakunda hakurudi nyuma. Alisema, "Kanali, nimekuona ukishuka garini. Umeshika mlango kwa mikono miwili. Mguu wako wa kushoto unakuuma asubuhi kukiwa na baridi, sivyo?"

Sote tulijua mguu ule ulipigwa vitani.

"Uamuru," akasema Eliakunda.

"Unasemaje wewe?"

"Uamuru mguu uache kuuma. Umeamuru watu wengi, tena wenye bunduki, wakakusikia. Mguu ni mmoja, na hauna bunduki. Uamuru, nami nikiona umekusikia, namtandika Mawingu kwa mikono yangu."

Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, karibu ya upole, "Kidonda hakisikii amri, Kanali. Cha mtu hakisikii, na cha farasi hakisikii."

Huenda hata wakati ule mambo yangetengenezeka. Niliona uso wa Kanali umeanza kubadilika, kama mtu aliyeguswa mahali asipopatarajia. Lakini rafiki yake mmoja, mfupi mwenye miwani, akaangua kicheko. "Luhende!" akasema. "Leo umekutana na mkuu wako!" Na wengine wakacheka.

Basi yakaisha. Kanali alirudi garini akichechemea, bila kuficha tena. Alipofika mlangoni akasema, "Ayo, kiangazi hiki usije kwangu. Farasi wako wasikanyage nyasi zangu." Wale waliocheka wakamfuata, gari likatoka.

Mzee Anaeli alinyoosha mkono. "Lete mikanda."

Wifi yangu hakuitupa chini. Aliirudisha mmoja mmoja, kila mmoja kwenye tandiko lake, akaufunga sawasawa. Ulipokwisha wa mwisho, mzee akamwambia, "Nenda nyumbani. Usirudi hapa." Akaenda. Sikuona chozi wala sikumwona akigeuka.

Na mimi? Nilimkasirikia. Nawaambia kweli, sote tulimkasirikia. Tulijua kiangazi kinakuja. Mke wa Lomnyaki, Naserian, alimkuta mferejini akamwita mwenye kiburi, mbele ya watu, akamwambia ameuza farasi wote kwa ajili ya mmoja. Eliakunda alijaza ndoo yake, akaondoka. Kwa mara ya kwanza maishani hakujibu.

Kiangazi kilikuja kikali. Nyasi za huku juu zikaisha. Mzee Anaeli alikwenda bondeni kumwomba Kanali, akaachwa kwenye geti juani, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena. Mbavu za farasi zikaanza kuhesabika. Chungwa, ambaye alikuwa mzee kuliko wengine, akalala chini siku moja, asubuhi hakuamka.

Nilimpelekea wifi habari hiyo mwenyewe. Alikuwa anapepeta maharage. Aliweka ungo chini.

"Watu wanasema ni wewe uliyemuua," nikamwambia. Nilitaka aumie, nadhani.

"Huenda ni mimi," akasema. "Kama ni mimi, nitaubeba mzigo huo. Lakini tandiko nisingeliweka, wifi. Hata leo nisingeliweka." Akasimama, akachukua panga na kamba. "Unakuja, au unabaki hapo kunihukumu?"

Nilikwenda. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu aliniuliza huku ameshaanza kutembea. Tulipanda mpaka kwenye kingo za mifereji, ambako majani hubaki mabichi hata kiangazi kwa sababu ya maji yanayovuja. Tukakata, tukafunga mizigo, tukajitwika kichwani mpaka kwenye geti la zizi.

Mzee Anaeli alitoka. Alikuwa amekonda kama farasi wake. "Nilikwambia usirudi."

"Sijarudi. Nimesimama nje ya geti."

"Sitaki majani yako."

"Wewe unakula majani, Mzee?"

Mzee akalifunga geti kwa komeo. Eliakunda akautupa mzigo wake juu ya uzio, ukaanguka ndani kwa kishindo, na mimi nikatupa wangu. Tukawasikia farasi wakija. Mnajua sauti ya farasi mwenye njaa akitafuna majani mabichi? Ni kama mvua ndogo. Tulisimama tukaisikiliza, kisha tukarudi kukata mengine.

Kesho yake tulikwenda tena, na kesho kutwa. Siku moja tukawakuta kingoni mwa mfereji wanawake wawili wa kwaya, wana miundu mikononi. Kisha wakaja wengine. Hatukuwaita. Habari za mguu wa Kanali zilikuwa zimeshapita kila jiko, na nikawasikia wakilirudia lile neno huku wanakata, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja mumewe alimwambia alipofiwa na mtoto kwamba siku za kulia zimekwisha. Mwingine aliumia mgongo shambani kwa tajiri akaambiwa aache uvivu. Naserian naye alikuja asubuhi moja. Hakuomba radhi. Aliinama karibu na Eliakunda, akaanza kukata, na mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko yetu.

Tukawa kundi. Kila asubuhi tukifika getini, Mzee Anaeli alisimama ndani, mikono nyuma, akasema, "Rudini na majani yenu!" Nasi tukamjibu kwa pamoja, kwa sauti za kwaya, "Kidonda hakisikii amri!" Mizigo ikaruka juu ya uzio. Watoto wakawa wanatufuata ili waseme nasi. Wapita njia wakalichukua. Mpaka sokoni likawa linasemwa na watu wasiojua hata Mawingu ni nani.

Kisha ikafika asubuhi tuliyokuta geti liko wazi na hapana mtu. Tulisimama tukiangaliana. Eliakunda akaingia wa kwanza. Akapita moja kwa moja mpaka kwa Mawingu, akapitisha kiganja mgongoni mwake, macho kwenye masikio. Masikio yalibaki mbele. Juu ya kovu manyoya yalikuwa yameanza kuota, meupe kabisa.

Mvua ziliponyesha, Mzee Anaeli alikuja nyumbani kwetu. Alikaa, akapewa chai, akainywa hadi chini. Kisha akasema, "Wageni wanakuja mwezi ujao."

"Heri," akasema Eliakunda.

"Lomnyaki ana bidii, lakini hasomi masikio."

"Atajifunza."

"Elia, usinitese."

Eliakunda akamwambia, "Nitarudi. Lakini mkono wangu ukisema hapana, ni hapana. Hata akija nani."

"Hata nikija mimi?"

"Hasa ukija wewe."

Mzee akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akaitikia kwa kichwa. Wifi yangu alirudi kazini.

Kanali hakurudi tena kwetu, wala nyasi zake hazikufunguliwa. Tulipanda majani ya tembo kando ya mifereji, na farasi wakala hayo kila kiangazi, mpaka kundi lile lilipouzwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo msidhani kila mtu alishikana mkono na mwenzake mwishoni. Haikuwa hivyo. Chungwa alikufa, na Eliakunda hakulitaja jina lake bila kuinamisha kichwa.

Lakini niwaambie jambo moja la mwisho, maana hapo ndipo neno lilipogeuka methali. Ulikuwa msimu wa baadaye. Alikuja bwana mmoja mkubwa kutoka mjini, mwenye walinzi, akataka jike mmoja mweusi aliyekuwa anachechemea mguu wa mbele. Aliambiwa hapandwi. Akasema yeye hajazoea kuambiwa hivyo, na kwamba anaamuru atolewe mara moja. Nilimwona Eliakunda anavuta pumzi, tayari kwa vita. Nikaweka sufuria chini nisikie vizuri.

Hakupata nafasi ya kusema. Mzee Anaeli alikuwa ameshatangulia. Alikwenda akasimama mlangoni kwa yule jike, mzee aliyepinda mgongo, fimbo mkononi, akaziba mlango wote. Bwana yule alimwambia ampishe, na mlinzi wake mmoja akasogea. Mzee hakusogea. Akasema polepole, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni kwangu:

"Kidonda hakisikii amri."